Mchungaji Alitaka Niitafsiri Siri Yangu

Nina miaka thelathini na nne, nakaa Bwera, Uganda, mpakani na Kongo, na wazee wa kanisa wanataka niombe msamaha mbele ya watu. Siombi! Nisikilizeni kwanza, ndipo mnihukumu.

Nilikuwa mkalimani wa kanisa. Mchungaji wetu, mtoto wa wafanyakazi wa mgodi waliotoka Kenya, alihubiri kwa Kiswahili. Wafanyabiashara wa Kongo walimwelewa, lakini akina mama wetu hawakuambulia kitu. Basi yeye akisema, mimi nageuza kwa Lhukonzo, lugha yetu.

Kwetu mtoto wa kwanza ana jina kabla hata ya mimba: wa kiume Baluku, wa kike Masika. Miaka yote ya ndoa yangu mama mkwe aliniuliza, "Masika wetu amekwama wapi?" Nikaitwa tasa... Kumbe mwenye tatizo ni mume wangu, Bwambale! Daktari alimwambia, naye akaniambia mimi peke yangu, akilia. Nikamwapia kwamba halitatoka.

Lakini moyo ulinilemea. Nikamfuata mchungaji ofisini, mlango ukafungwa, nikamwomba atuombee. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Dada, hii imeishia hapa." Nikamwamini. Nani asingemwamini?

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Mchungaji akafumba macho. "Mungu ananionyesha nyumba... mwanamke anasemwa, kumbe mwanamume ndiye hawezi kuzaa! Anauza samaki wa Hamukungu!"

Kanisani kwetu muuza samaki wa Hamukungu, kijiji cha wavuvi ziwani, ni mmoja tu, Bwambale. Jamani! Waliojua Kiswahili wakageuka kumtazama. Wasiojua, mama mkwe akiwemo, wakanitazama mimi, wakingoja Lhukonzo.

"Tafsiri, dada!" mchungaji akanihimiza.

Hasira ikanipanda. Nikawaambia kwa Lhukonzo: "Anasema Mungu amemwonyesha jambo. Mwongo! Nilimwambia mimi, ofisini kwake. Na jambo lenyewe siligeuzi!" Nikaweka maikrofoni chini, nikatoka.

Bwambale alishatangulia. Nilipomkuta nyumbani hakupiga kelele, heri angepiga. Alisema tu, "Nilikuambia wewe. Sikuliambia kanisa." Akaenda Hamukungu, akakaa huko mwezi mzima.

Amerudi, ndiyo. Tunakula pamoja, tunasalimiana. Lakini la moyoni haniambii tena... na mama mkwe bado anamuulizia Masika.

Wazee wanasema nina roho ya uasi. Waseme! Msamaha namwomba mume wangu, kila siku. Yule aliyeiuza siri yetu madhabahuni akaiita ufunuo, nimwombe wa nini?

Ndugu zangu, mkitafuta mchungaji, msitazame anavyonguruma wala machozi yake akiomba. Tazameni kama mdomo wake unafungika! Kabla hujampa la ndani, mpe jambo dogo lako mwenyewe, lisiloweza kumuumiza mtu. Halafu ngoja Jumapili.