Moshi Uliokosa Njia

Kila asubuhi mitumbwi ilirudi mwaloni imejaa sangara. Wanaume walishusha samaki. Wanawake waliwapasua, wakawaosha, wakawapanga juu ya matanuri. Mwalo huo ulikuwa wilayani Muleba, kwenye ufuko mwembamba. Mbele palikuwa na ziwa. Nyuma lilisimama jabali refu. Kati ya ziwa na jabali zilijengwa nyumba za watu, na karibu kabisa na mitumbwi yalikuwepo matanuri ya kukaushia samaki kwa moshi.

Adventina alikuwa fundi wa kazi hiyo. Samaki wake hawakuungua, wala hawakuoza njiani. Wachuuzi wa Bukoba waliwaulizia kwa jina lake. Lakini sangara ana mafuta mengi. Mafuta yakidondoka motoni, hutoka moshi mweusi, mzito. Adventina aliinama juu ya moshi huo kila siku, akigeuza samaki na kutaniana na wenzake.

Mumewe, Byarugaba, alikuwa mvuvi. Walitoka Kishanda, ambako kibanja cha baba yake, yaani shamba la nyumbani, kiligawanywa mpaka ikabaki migomba michache tu. Walihamia mwaloni pamoja na binti yao mdogo, Rozi, na mama yake Byarugaba, Bernadina. Hawakuwa matajiri. Lakini walikula ndizi na samaki, na jioni walicheka. Nasema hivyo ili ujue walikuwa na nini kabla hawajakipoteza.

Kisha Adventina akaanza kukohoa.

Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha asubuhi. Baadaye akakohoa mchana na usiku. Akapungua mwili. Gauni likawa linamteleza mabegani.

Ilikuwa miaka mibaya. Watu walikuwa wamezika wafu wa vita vya Kagera na kuanza kujenga upya, ndipo ukaja ugonjwa ambao wengi waliuita Juliana. Leo tunauita UKIMWI. Kila kijiji kilikuwa na msiba. Byarugaba alikuwa amezika kaka zake wawili. Siku hizo mtu akikohoa na kukonda, watu hawakuuliza anaumwa nini. Walidhani wanajua.

"Mwanangu, unamwona mke wako?" Bernadina aliuliza.

"Namwona, Mawe." Hivyo ndivyo Wahaya wanavyomwita mama.

"Kaka zako walianza hivyo hivyo."

"Labda ni kifua tu."

"Hata wao tulisema ni kifua. Wewe una mtoto. Mfikirie mtoto."

Bernadina hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amezika watoto wawili, na hofu ilikuwa haimtoki. Tena alimpenda mkwe wake. Alitaka apate mahali pa kupumzika. Wazee wake walimfundisha kwamba mgonjwa wa kifua lazima akingwe na upepo.

"Mjengee kibanda kule nyuma, chini ya jabali," alisema. "Pale hapana upepo kabisa."

Laiti angeonyesha mahali pengine popote.

Byarugaba alijenga kibanda kwa mikono yake. Alikijenga vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliziba kila tundu kwa udongo na majani makavu ya migomba. Hakuacha dirisha. Akatandaza nyasi mpya sakafuni, kama ilivyo desturi ya kwao nyumba inapoandaliwa kwa heshima. Adventina akapewa sahani yake na kikombe chake, mbali na vya wengine. Hakuna aliyemwambia sababu.

"Baba Rozi, mnanitenga?" aliuliza.

"Hapana, Mama Rozi. Tunakukinga na upepo."

"Na tanuri langu?"

"Mawe atalishika. Wewe pumzika."

Rozi alikatazwa kwenda kibandani. Lakini mtoto ni mtoto. Kila jioni alitoroka, akaenda kulala na mama yake. Byarugaba hakuwa na moyo wa kumtoa.

Adventina alipumzika, lakini hakupona. Hakuinama tena juu ya moto, alikula vizuri, na bado kifua kilizidi kumbana. Majirani walitikisa vichwa. "Ndiyo hiyo Juliana," walinong'ona. "Haina dawa." Kisha Rozi naye akaanza kukohoa. Bernadina alijifunika kanga usoni, akalia.

"Hata mtoto," alisema. "Hata mtoto!"

Wakati huo biashara ya samaki ilikuwa inakua. Mwenyekiti wa mwalo alikuwa Shilogile, mvuvi kutoka Usukuma. Aliomba kibali cha kujenga matanuri mengine, makubwa zaidi, pale pale penye yale ya zamani. Wilaya ikamtuma bwana afya kukagua kwanza. Aliitwa Mujuni. Alikuwa mtu mpole, mwenye maswali mengi.

"Bwana afya, eneo lenyewe ndilo hili," Shilogile alisema. "Ni karibu na mitumbwi. Tupe kibali tuanze kazi."

"Kibali kitakuja, mzee. Ila nina maswali. Moshi unatoka wapi? Unakwenda wapi? Na huko unakokwenda, unamkuta nani?"

"Moshi unakwenda juu! Wewe umeona moshi unakwenda chini?"

Watu wakacheka. Mujuni akacheka nao.

"Basi tuutazame pamoja," alisema.

Alisimika fito tatu. Mmoja ufukoni, wa pili katikati ya nyumba, wa tatu chini ya jabali. Juu ya kila ufito alifunga kipande cha kitambaa chepesi. Akaomba majani mabichi yatiwe motoni ili moshi uonekane vizuri. Alilala mwaloni, akautazama moshi jioni, alfajiri na mchana.

Mchana kitambaa cha ufukoni kilipepea kuelekea jabali.

"Jua linapasha moto nchi kavu kuliko maji," Mujuni alieleza. "Hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa ya ziwani inakuja kushika nafasi yake. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa upesi, na upepo unakwenda ziwani."

"Hilo tunalijua," Byarugaba alisema. "Upepo huo wa usiku ndio unaotusukuma tukienda kuvua."

"Mnaujua mkiwa majini. Je, mlipochagua mahali pa matanuri mliufikiria?"

Hakuna aliyekuwa ameufikiria. Matanuri yaliwekwa pale kwa sababu mitumbwi ilikuwa pale.

Wote walitazama. Moshi ulipanda kidogo, ukachukuliwa na upepo wa ziwani. Ukapita juu ya nyumba. Ukagonga jabali, ukashuka chini. Kitambaa cha ufito wa tatu hakikutikisika hata kidogo. Moshi ulifika pale ukakosa njia ya kutoka. Jioni, kabla upepo wa usiku haujaanza, hali ilizidi kuwa mbaya. Hewa baridi ni nzito, nayo ilitulia chini ya jabali pamoja na moshi wote. Kibanda kilionekana kwa shida.

Asubuhi Mujuni alichora picha mchangani. Alichora ziwa, matanuri, nyumba na jabali. Akachukua majivu, akanyunyiza machache mahali penye moshi mdogo na mengi mahali penye moshi mwingi.

"Hatari haipimwi kwa wingi wa moshi peke yake," alisema. "Tunauliza pia mtu anauvuta kwa muda gani, na mtu huyo ni nani. Mvuvi anayepita hapa anavuta kidogo, anakwenda zake. Anayelala hapa anavuta usiku kucha. Kama ni mtoto au mgonjwa, anaumia zaidi." Akaweka kidole penye majivu mengi. "Hapa kuna kibanda. Anakaa nani?"

Watu wakatazamana.

"Mke wangu," Byarugaba alisema. "Na mtoto wangu."

"Kwa nini anakaa huko?"

"Mgonjwa. Tumemkinga na upepo."

"Anaumwa nini?"

"Ugonjwa wenyewe si unaujua, bwana afya. Huu wa siku hizi."

"Nani alimpima?"

Byarugaba alimgeukia mama yake. Bernadina alikuwa anatazama chini.

Mujuni alikwenda kibandani, nao wakamfuata. Aliposukuma mlango, moshi wa jana ulikuwa bado umo ndani. Adventina alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, kwa sababu akijilaza hakuweza kupumua. Rozi alikuwa amelala mapajani pake.

"Mama, mimi si daktari," Mujuni alisema. "Sijui unaumwa nini. Lakini humu hutapona." Akawageukia wengine. "Na nyie sikilizeni. Hata angekuwa na virusi vya UKIMWI, bado angehitaji hewa safi, chakula na watu wake. Ugonjwa ule hauambukizwi kwa sahani wala kikombe, wala kwa kulala na mtoto kitanda kimoja."

Adventina alimtazama mumewe. Byarugaba alitamani mkewe amtukane, maana macho yale yalimchoma zaidi.

Siku hiyo hiyo mama na mtoto walipelekwa hospitali. Walipimwa damu, makohozi na kifua. Majibu ya damu yalichelewa, kama ilivyokuwa siku hizo. Yalipokuja, daktari aliwaita.

"Mama hana virusi," alisema. "Hana kifua kikuu. Mapafu yake yameharibiwa na moshi. Ameuvuta miaka mingi penye tanuri, na miezi hii ameuvuta usiku na mchana. Mtoto atapona akitolewa kwenye moshi. Mama atapata nafuu, lakini mapafu yake hayatarudi kama zamani."

"Daktari, kama tungemleta mapema?" Byarugaba aliuliza.

Daktari hakumficha. "Ingekuwa tofauti," alisema.

Adventina alipotoka hospitali alikwenda kwa wazazi wake, kijijini Kaagya, pamoja na Rozi. Byarugaba alirudi mwaloni peke yake. Akabomoa kibanda kile. Alilia akikibomoa, na hakujali nani anamwona.

Mujuni aliitisha mkutano.

"Turefushe tu bomba la moshi," mtu mmoja alisema. "Tuyaache matanuri pale pale."

"Bomba refu ni zuri mahali pa wazi," Mujuni alijibu. "Hapa litaurusha moshi kwenye jabali, nao utawarudia. Kwanza mahali, halafu bomba."

Aliwaonyesha ng'ambo ya kijito, ambako jabali limekatika. Huko upepo wa mchana ulipita bila kuzuiwa, ukaenda kwenye rweya, yaani mbuga ya nyasi isiyo na nyumba. Upepo wa usiku ulirudi ziwani bila kupita kwa mtu. Aliwaagiza wajenge matanuri yenye kuta na bomba refu, waweke karai la kukinga mafuta yasidondoke motoni, na watumie kuni kavu. Aliwakataza kujenga nyumba yoyote karibu. Akaahidi kurudi masika, kwa sababu upepo wa masika si ule wa kiangazi.

Shilogile alikuna kichwa. "Ni mbali na mitumbwi. Samaki atabebwa na nani kila siku?"

"Nitabeba mimi," Byarugaba alisema.

Hakuna aliyebishana naye. Kesho yake alianza kubeba mawe ya matanuri mapya, na wengine wakamfuata. Shilogile mwenyewe alibeba, huku akilalamikia mgongo.

Masika ilipofika, nyumba za mwaloni hazikunuka moshi tena. Kikohozi cha watoto kilipungua. Wanawake walisimama penye matanuri bila kufuta machozi. Mujuni alirudi na vitambaa vyake, akatazama upepo, akaridhika. Vijiji vya mialo ya jirani vilituma watu kuja kuona. Ilikuwa kazi njema, na ilikuwa rahisi. Ingeweza kufanywa tangu mwanzo.

Byarugaba na mama yake wakaenda Kaagya kumchukua Adventina.

Walimkuta amekaa nje ya nyumba. Alisimama kuwasalimu, akashindwa, akakaa tena. Kwao mkwe ndiye anayempigia magoti mama wa mumewe. Lakini siku hiyo aliyepiga magoti alikuwa Bernadina.

"Mawe, inuka," Adventina alisema. "Watu wanatutazama."

"Waache watazame. Nisamehe, waitu," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya. " Mimi ndiye niliyekuchagulia mahali pale."

"Nimekusamehe." Adventina alivuta pumzi kwa shida. "Inuka, Mawe."

"Matanuri tumeyahamisha," Byarugaba alisema. "Moshi haufiki tena nyumbani. Turudi."

"Nimesikia. Nimefurahi kwa ajili ya wenzangu." Akapumzika tena. "Lakini mimi nitabaki hapa, Baba Rozi. Kazi ile siiwezi tena. Na sitaki kuliona lile jabali."

"Niliogopa, mke wangu. Niliwaza kaka zangu."

"Najua. Ungeniambia unachoogopa, ningekwenda mwenyewe kupimwa. Wakati ule nilikuwa bado naweza kutembea."

Byarugaba alikaa chini, karibu na mkewe. Rozi alikuwa anakimbia kati ya mikahawa, anacheka, hakohoi. Alikuwa anakwenda mbali mno. Mama yake alimfuata kwa macho tu, kwa sababu sauti ya kumwita hakuwa nayo tena.