Kuku Mia na Gazeti la Mashineni

Kila asubuhi nyumbani kwetu Kakese, Mama huondoa jiwe mlangoni mwa banda. Kuku hutoka wakisukumana, naye huwahesabu kwa kidole. Mwaka ule wa 1997 walikuwa kumi na mmoja.

Mwaka wa nyuma ugonjwa wa mdondo uliingia kijijini. Kuku walisinzia, wakaharisha kijani, wakafa. Kwetu yalibaki manyoya tu. Mama alianza upya na mtetea mmoja aliyepewa na dada yake.

Siku moja bwana mifugo alisimamisha pikipiki uani.

"Dafrosa," aliniita, "wewe umemaliza la saba. Nisaidie kuwaambia watu. Ijumaa ya wiki ijayo naleta chanjo ya mdondo. Lakini chupa ikifunguliwa inatumika siku hiyo hiyo. Siwezi kuifungua kwa kuku kumi. Nipatie angalau mia."

"Nisipowapata?"

"Nitaipeleka kijiji kingine. Jumatano nitapita kuuliza."

Mama aliwatazama kuku wake, akanitazama mimi.

Nyumba zetu ziko mbalimbali, nisingezimaliza kwa miguu. Nikaamua kuandika gazeti la ukutani. Nilichana mfuko wa saruji, nikachukua karatasi ya ndani iliyo safi. Nikachukua mkaa jikoni. Juu niliandika kwa herufi ndogo: Chanjo ya kuku. Chini yake, kwa herufi kubwa, niliandika majina ya watu ninaojua wana kuku. Nilidhani mtu akiona jina lake atafurahi. Nikapika uji mzito wa muhogo uwe gundi, nikabandika ukutani kwa mtendaji wa kijiji.

Kisha nikakaa mbali kidogo, nabangua karanga, natazama.

Mama mmoja alisimama. Akaona karatasi. Akamshika mtoto wake mkono, akaondoka mbio. Mwanaume mmoja alishuka kwenye baiskeli, akasoma mistari miwili, akageuza akarudi alikotoka. Baba mdogo Osward alikuja na jembe begani. Aliliona jina lake toka mbali. Akakata kona, akaingia kwenye mahindi ya watu.

Nilichanganyikiwa. Nikaenda kuitazama ile karatasi. Herufi zilisomeka. Nikainusa. Ilinuka saruji tu.

Mchana Baba mdogo hakuja kula kwetu, na yeye hakosi.

"Umemfanya nini shemeji yangu?" Mama aliuliza.

"Sijui, Mama. Nimemwandika tu."

Kesho yake nilimfuata Mwalimu Générose. Yeye anatoka Litapunga, anafundisha watu wazima kusoma. Alikuja na baiskeli yake, akaitazama karatasi, akacheka mpaka akafuta macho.

"Dafrosa mwanangu, hapa kwa mtendaji huwa wanabandika nini?"

"Majina ya waliokwepa msaragambo, kazi ya pamoja ya barabara, watozwe faini."

"Na wewe umebandika nini?"

"Majina."

Aibu ilinipanda.

"Usijali," alisema. "Vifaa unavyo, na hukutoa hata senti. Umekosea mahali. Niambie, watu wa hapa wanasubiri wapi bila kuogopa?"

Nilifikiri. "Mashineni kwa Yotham. Foleni ya kusaga ni ndefu."

"Twende huko."

Njiani tulichuma miiba ya mlimao, tukapita nyumbani kuchukua karatasi nyingine ya mfuko. Mwalimu alinionyesha kusaga mkaa na kuukoroga na uji mwepesi wa muhogo, ili wino usifutike upesi. Alitafuna ncha ya kijiti ikawa kama brashi.

"Sasa usianze na majina," alisema. "Anza na jambo linalowauma."

Tulipofika mashineni niliandika kwa herufi kubwa: KUKU WAKO WATAPONA MDONDO SAFARI HII? Chini nikaeleza siku, saa na mahali.

"Bado nafasi kubwa imebaki," nilisema.

"Iache. Hapo wataandika wenyewe. Funga mkaa kwa kamba, uning'inie. Atakaye chanjo aandike jina lake na idadi ya kuku."

"Wasiojua kusoma je?"

Yotham mwenye mashine alisikia. "Mimi nitawasomea! Sauti yangu inashinda injini."

Tuliibana karatasi kwa miiba kwenye mlango wa mbao. Kila asubuhi nilipita kuona. Siku ya kwanza palikuwa na kuku kumi na wanne, na mtu ameandika: Na mbwa je? Mwingine ameandika: Wangu wanalala juu ya mti, nitawakamataje?

"Sasa nifanyeje na haya?" nilimwuliza Mwalimu.

"Wajibu. Mtu akijibiwa, kesho anarudi, tena na mwenzake."

Nikaandika: Mbwa ana chanjo yake, tutamwuliza bwana mifugo. Kuku wa mtini, wazoeze kula mtama ndani ya nyumba jioni, kisha funga mlango. Kesho yake foleni nzima ilikuwa inabishana juu ya mtama. Majina yakaongezeka.

Jumatano bwana mifugo alifika mashineni. Akahesabu. Tisini na watatu.

"Karibu sana," alisema. "Lakini nilisema mia."

Nilifikiria kuku wa Mama.

Hapo Baba mdogo Osward akatokea na debe la mahindi begani. Akatusogelea upandeupande, tayari kukimbia.

"Dafrosa, hii siyo ya msaragambo?"

"Hapana, Baba mdogo. Ni ya kuku."

"Kweli?"

"Wewe shemeji wa watu, soma mwenyewe!" Yotham alimpigia kelele. "Au umesahau herufi huko kwenye mahindi ulikojificha?"

Watu wakacheka. Baba mdogo akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kisha akashika mkaa, akaandika: Osward, tisa.

Ijumaa watu walikuja na matenga. Kila kuku alipata tone moja la dawa jichoni. Kiangazi kilipokolea tulisikia mdondo umeingia vijiji vya jirani. Kwetu Mama aliendelea kuondoa jiwe kila asubuhi na kuhesabu kwa kidole: kumi na mmoja.

Gazeti halikuisha. Kila Jumatatu nabandika jipya mashineni, watu wananiletea habari wenyewe. Katika la kwanza baada ya chanjo niliwashukuru wote kwa majina. Baba mdogo alisimama mbele yake muda mrefu.

"Dafrosa!" akaniita kwa hasira. "Mbona langu umeliandika dogo?"