Kosa la Kalisi

Marehemu Kalisi alikutana na Maka katika soko la Talamahu, Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, Jumamosi moja soko limefurika. Kalisi alikuwa ameketi mkekani nyuma ya viazi vikuu vya mama yake, kiunoni kiekie, mkanda mpya wa heshima wa kusuka, mapajani kibao cha umeme chenye kitufe kimoja na taa moja nyekundu. Taa ilitakiwa kuwaka kitufe kikibonyezwa. Ilikuwa ikijiwakia tu.

Maka, fundi simu, alikuja kununua viazi, akajiketisha.

"Dada, taa yako ina shetani."

"Usiniite dada. Kwa mila yetu kaka na dada hawakai mkeka mmoja, na wewe naona umeshakaa."

Akacheka, akasogeza mkono. Kabla hajagusa kitu, taa ikawaka.

"Imenipenda."

"Haijapata akili bado."

Tangu hapo simu zao hazikukatika. Wiki ya tatu, Kalisi alikuwa aende shule ya wasichana kuomba kazi ya kufundisha sayansi, na kibao kile ndicho angekieleza mbele ya walimu. Ijumaa Maka akamtembelea. Kalisi alipokuwa jikoni akifunga nyama kwenye majani ya magimbi, Maka akachomeka kwenye kibao rezista moja, kijipande cha kupunguza umeme. Taa ikatulia.

"Nani amegusa?"

"Mimi, mpenzi. Kitu kidogo tu."

"Kidogo kwako. Jumatatu wakiniuliza kwa nini inafanya kazi, niwaambie nina mchumba fundi?" Akaichomoa rezista, akamwekea kiganjani. "Umeniibia kosa langu, Maka. Nenda."

Jumatatu adhuhuri simu ya Maka ikaita.

"Dada Kalisi," akaitika kwa woga.

"Sikiliza. Kitufe kisipobonyezwa, waya wake unabaki hewani. Haujui ndiyo wala hapana, unadaka hata umeme wa mkono unaopita. Ukiufunga upande hasi kwa rezista, unajua ni hapana. Nimeligundua jana kanisani, katikati ya mahubiri, kwa kichwa tu. Jumapili hakuna kugusa kazi, nikangoja mpaka leo alfajiri."

"Na walimu?"

"Mwalimu mkuu alisogeza mkono, taa haikuwaka. Akabonyeza, ikawaka. Naanza wiki ijayo."

Maka akacheka. "Basi fundi ni wewe, dada."

"Dada tena? Mwambie mama yako atafute mkeka mzuri wa harusi. Tutakaa."

Walikaa miaka kumi na mmoja, hadi Kalisi alipofariki. Kile kibao bado kipo darasani kwake.