Mume wa Kwenye Fomu

"Mume? Mume gani?"

Wateja wawili wakageuka. Binti muuza dawa akafunika mdomo kwa kiganja na kuipa kaunta mgongo.

"Dada, hapa ni ofisi ya udahili, kitivo cha udaktari," sauti ya mwanamke kwenye simu ilisema bila haraka. "Fomu yako inaonyesha umeolewa. Aliyeolewa anaambatisha cheti cha ndoa. Chako sikioni."

"Sijaolewa mimi!"

"Basi fomu ina uongo. Mmeomba watu elfu tisa, tunaita mia tatu kwenye usaili. Wewe umo. Lete cheti, au barua ya masahihisho iliyoandikwa kwa mkono, mmesaini wewe na huyo mume, kabla ya saa kumi leo. Usipoleta, nafasi anapewa mwingine."

Simu ikakatika. Saa sita na nusu.

Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuomba. Miaka miwili alikuwa anauza dawa mchana na kurudia kemia jioni. Mtaa mzima ulimwita Dakta tangu akiwa darasa la nne, na siku hizi jina hilo lilimchoma kuliko sindano. Akamwachia mwenzake kaunta, akavuka barabara na koti lake jeupe mpaka kwenye steshenari ya mchumba wake. Huyo ndiye aliyewajazia fomu watu wote wa eneo lile. Kwa kasi ya vidole vyake walimwita Chapchapu.

"Chapchapu! Umeniozesha lini?"

"Umeolewa? Na nani? Nimfuate!"

"Na wewe! Kwenye fomu!"

Chapchapu akaiachia mashine ya kutoa nakala ikaendelea kutema karatasi peke yake.

"Ah. Ile."

"Ile nini?"

"Walitaka namba ya mtu wa karibu. Simu ya mama yako haishiki chaji, nikaweka yangu. Halafu wakataka uhusiano. Kuna mzazi, mlezi, ndugu, mume. Mchumba hakuna."

"Ungeweka ndugu!"

"Ndugu? Mimi na wewe? Mungu apishe mbali."

"Mlezi!"

"Nikulee wewe? Wewe ndiye unayenikumbusha kula."

Dakta nusura acheke, akajizuia.

"Unafanya utani na maisha yangu. Au ulitaka kunifunga kamba nisiende?"

Hapo utani ukamtoka Chapchapu.

"Ningetaka usiende ningeiacha ilale kwenye kompyuta. Mtandao ulikata mara kumi na moja, mara kumi na moja nikaanza upya." Akashusha sauti. "Ila nilipofika kwenye lile neno kidole kiligoma kuondoka. Nikasema, miaka mitano ya udaktari ni mingi, acha niwe mume wake hata humu ndani. Nimekosa."

"Umekosa sana. Wanataka cheti cha ndoa, au barua ya mkono tuliyosaini wote wawili, kabla ya saa kumi leo!"

"Na mimi nasikia nina mkwe," sauti ikatokea mlangoni. Alikuwa mama yake Dakta, mshonaji wa duka la tatu, pini bado zimechomekwa kifuani. "Hata salamu hajaleta."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa chini, andika barua."

"Mama, si wamesema hata cheti kinakubalika..." Chapchapu alijaribu.

"Binti yangu haolewi kwa sababu kompyuta imetaka. Andika! Kununiana mtanuniana baada ya saa kumi."

Chapchapu, aliyezoea kuchapa, alishika kalamu kama anashika mkia wa nyoka. Barua ikaisha ndani ya basi la kwenda chuoni, Dakta akaisaini juu ya goti huku akiangalia saa. Hakusoma hata mstari.

Walifika wote watatu dirisha la udahili saa tisa na dakika arobaini. Mwanamke mwenye miwani akaipokea barua, akaisoma kwa sauti.

"'Mimi niliyetajwa kuwa mume wa mwombaji natamka kwamba mimi si mume wake bado.'" Akainua macho. "Kijana, hili 'bado' linafanya nini hapa?"

"Linasema ukweli, mama."

"Wa kwako au wa wote wawili? Binti, ulisoma kabla ya kusaini?"

"Sikusoma."

"Daktari asiyesoma anachosaini! Haya, nilifute au libaki? Nafunga dirisha."

Foleni yote nyuma ikanyoosha shingo. Dakta akamgeukia Chapchapu.

"Umeniandikia tena bila kuniuliza."

"Ndiyo."

"Kwa nini huulizi?"

"Naogopa jibu."

Mama mtu akachomoa pini moja kifuani, akaichomeka tena palepale.

Dakta akaliangalia lile neno dogo, lililoandikwa kwa mwandiko mbaya kuliko wa madaktari wote aliowahi kusoma karatasi zao. Mtu aliyetaka kumzuia angeandika neno jingine kabisa. Huyu alikuwa anaomba kusubiri.

"Libaki," alisema. "Ila kuanzia leo, yangu naandika mwenyewe."

"Hayo si ya dirisha hili," mwenye miwani akajibu, akagonga muhuri. Paa! "Usaili Jumatatu saa mbili. Uje bila mume."

Foleni ikaangua kicheko.

Wiki tano baadaye, saa nne asubuhi, honi ililia barabarani. Chapchapu alikuwa anavuka mbio, kiatu kimoja mguuni, simu mkononi. Akapita wateja wote mpaka kaunta.

"Umetoka ujumbe wa chuo. Umekuja kwangu, namba yangu ndiyo iliyo kwenye fomu."

"Unasemaje?"

"Sijafungua. Ni wako."

Dakta akafungua, akasoma mara mbili kimoyomoyo. Kisha akasoma kwa sauti, mpaka mama akasikia kule dukani kwake:

"'Hongera. Umechaguliwa kujiunga na masomo ya udaktari, mwaka wa kwanza!'"

Duka likalipuka kwa vigelegele. Mzee aliyekuja kununua dawa ya kikohozi akashangilia mpaka kikohozi kikamshika upya.

Kelele zilipopungua, Dakta akamrudishia Chapchapu simu yake.

"Sasa niulize."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Chapchapu akaitia simu mfukoni. "Ukimaliza miaka yako mitano, utakubali nikuoe?"

"Nitakubali. Sasa nenda kavae kiatu, wagonjwa wangu wanasubiri."