Uji wa Otim

Msimu wa mvua ulipoingia, mtaa wote wa Bwaise, jijini Kampala, ulinuka tope na nguo mbichi. Maji yaliingia majumbani bila kubisha hodi, na baridi ikafuata nyuma yake. Watoto wa mtaa walikohoa kutwa kucha. Lakini Akidi na mdogo wake Otim walivuka masika baada ya masika wakiwa wazima wa afya, na majirani walibaki kushangaa.

Si kwamba mama yao, Alal, alikuwa na dawa ya ajabu. Alikuwa na mabeseni mabovu! Aliyajaza udongo, akayapanga juu ya matofali ambako mafuriko hayafiki, akapanda mchicha, ule ambao watu wa Kampala huuita dodo. Alikaanga karanga na ufuta, akavisaga juu ya jiwe mpaka vikatoa mafuta. Hiyo ndiyo odii, na kwa Waacholi kama yeye, mboga bila odii ni majani tu. Asubuhi watoto walikunywa uji wa wimbi uliotiwa odii na kukamuliwa ndimu. Jioni walikula dodo na dagaa. Maji ya kunywa yalichemshwa, hata kuni zikiwa mbichi kiasi gani.

Haya yote Alal aliyafanya peke yake. Mumewe alikuwa polisi, na alikuwa amehamishiwa mbali mpakani. Alfajiri mama huyo alibeba kikapu cha mboga kwenda kuuza sokoni Kalerwe, akarudi jioni miguu imejaa tope, na bado akaimba huku akipika. Mwanamke wa shoka!

Likizo ya shule ilipofika, alimwachia Akidi kazi moja kubwa. “Mimi nikiwa sokoni, mama yake Otim ni wewe,” alimwambia. “Uji wake usikose.”

Basi Otim akapata kikohozi kidogo. Akidi akaingiwa na hofu. Siku zile sukari ilikuwa imeadimika madukani. Aliyekuwa nayo aliificha chini ya kitanda na kuitaja kwa kunong’ona. Wengi walimwekea mgonjwa tu, kama dawa. Akidi akajiambia kwamba kitu kinachotafutwa hivyo na wakubwa lazima kina nguvu kuliko uji wa kila siku.

Jirani yao Maimunah alikuwa na sukari, maana baba yake mwanajeshi aliileta kutoka kambini.

“Nipe kidogo, mdogo wangu anaumwa,” Akidi alimwomba.

“Utanipa nini? Nipe ile odii ya mama yako,” Maimunah alijibu.

Akidi akampa kopo zima bila kumwambia mama yake.

Otim alikunywa chai ya sukari, akacheka, akalamba kikombe. Kesho yake akaukataa uji. “Nataka chai!” alilia, naye Akidi akampa. Chai ilimshibisha kwa muda mfupi tu, lakini ilitosha kumfanya asitake dodo wala dagaa. Uji Akidi aliumwaga mtaroni kabla mama hajarudi.

“Amekula?” Alal aliuliza kila jioni.

“Amekula, Mama.”

“Na odii?”

“Imekaribia kwisha,” alisema Akidi, macho chini.

Kikohozi hakikuondoka. Otim akalegea, akaacha kucheza, akawa wa kulala tu. Alal hakuelewa. Asubuhi moja hakwenda sokoni. Alimfunga mtoto mgongoni, akamshika Akidi mkono, wakaenda zahanati.

Muuguzi alimpima Otim kifua na kumtazama ndani ya macho. “Dawa hatuna, nyabo, mama yangu. Kabati ni tupu,” alisema kwa upole. “Anakula nini?”

Alal alieleza kila kitu, tangu uji mpaka dagaa. Muuguzi alikunja uso.

“Mtoto anayekula hivyo halegei namna hii. Kama chakula kizuri hivyo hakimsaidii, basi ana ugonjwa mkubwa ndani. Itabidi alazwe hospitali kuu ya Mulago, wamchunguze.”

Alal aliketi kwenye benchi, akafunika uso kwa kanga. Akidi hakuwa amewahi kumwona mama yake akilia. Roho ikamuuma sana, na maneno yakamtoka yenyewe.

“Sista, hajala! Hajala chochote. Nimempa chai ya sukari tu. Odii nilimpa Maimunah, na uji nimekuwa nikiumwaga. Nilidhani sukari itamponya.”

Alal alifunua uso, akamtazama bintiye.

Muuguzi akamsikiliza Otim kifua tena. “Banange! Afadhali umesema. Kifua chake bado ni salama. Mrudishieni chakula chake, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Akianza kuhema haraka, mleteni mbio.”

Walipofika nyumbani Alal aliwasha moto, akampa Akidi jiwe la kusagia. “Saga,” alisema. Akidi alisaga mpaka mikono ikamuuma. Walimlisha Otim kwa kijiko. Mwanzoni alinuna, kisha akameza. Siku zikapita, mashavu yakarudi, na mvua ilipoanza kupungua Otim alikuwa akikimbiza kuku wa watu.

Jioni moja Safinah, mama yake Maimunah, alipita na mwanawe mdogo anayekohoa. “Mama Akidi, wako amepona kwa dawa gani? Wangu nampa chai tamu kila siku, lakini wapi!”

“Muulize Akidi,” Alal alijibu. “Ndiye aliyemlisha.”

Akidi angeweza kuanzia kwenye odii. Hakufanya hivyo. Alianza na ile chai, na uji alioumwaga, na uongo wa kila jioni, ndipo akaeleza uji unavyopikwa. Safinah alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka na fungu la dodo mkononi.

Alal akamvuta bintiye karibu. “Sukari si sumu, mwanangu, ila haijengi mwili. Mwili unajengwa na chakula tulicho nacho hapa, hata kama hakuna anayetuonea wivu. Kosa hilo lingetokea kwa mtu yeyote. Lakini uongo wako ulikaribia kumlaza mdogo wako hospitalini kwa ugonjwa asiokuwa nao. Aliyemwokoa pale zahanati si mimi wala muuguzi. Ni wewe, uliposema kweli.”