Vipimo vya Boti ya Babu Orrin

Saa tisa alasiri, kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wenzake Marit Haugen walikwenda mazoezini au makwao. Marit alikwenda kuangalia nyumba ya kununua. Pikapu ya baba yake ilimngoja nje ya lango la shule, injini ikiunguruma ili ndani kuwe na joto, na baba mwenyewe, Lowell, alikuwa amesinzia kichwa kikiwa kwenye kioo. Alifanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha karatasi, na siku hizo alilala kwa kuibaiba tu. Kwenye kiti cha nyuma alikaa Solveig, mdogo wake Marit mwenye miaka tisa, akila biskuti na kumwaga makombo kila mahali.

"Leo ni ya ngapi?" Marit aliuliza akifunga mkanda.

"Ya saba," alisema baba bila kufumbua macho. "Na mimi ndiyo nimefika mwisho. Ikishindikana hii, basi."

Nyumba saba kwa wiki tatu si mchezo. Walikwisha kuona nyumba zenye ukungu na nyumba zenye paka wa watu, na kila mara Lowell alipita sebuleni na jikoni kama mtu aliyepotea njia, akaenda moja kwa moja gereji, chumba kile cha kulaza gari kilichoshikana na nyumba. Hicho ndicho alichokuwa akitafuta. Jiko la namna yoyote wangelivumilia.

Sababu ilikuwa Babu Orrin, baba yake Lowell. Magoti yalikuwa yamemshinda, akauza shamba lake, na mwenye kulinunua alitaka kuingia mwezi uleule wa Oktoba. Babu alikuwa aje kuishi nao, na fleti yao ya kupanga ilikuwa ndogo hata kwa wao watatu. Mzee huyo hakuwa msumbufu. Alikubali chumba chochote, hata kile kisicho na dirisha. Alikuwa na sharti moja tu, kwamba boti yake isilale nje. Huko kaskazini mwa Minnesota theluji hufika kiunoni, na mitaa mingi ya mji wao hairuhusu mtu kuacha boti uani.

"Kama hakuna gereji ya kuitosha, hamna neno," alikuwa amesema. "Jumamosi nampigia yule bwana anayeitaka, aje aichukue. Nimechoka kuwachosha."

Maneno hayo yalimkata Marit maini. Katika boti ile ndimo alimojifunza kufunga ndoano, na ndimo Babu alimomwambia mambo ambayo hakumwambia mtu mwingine, habari za bibi na za miaka ambayo shamba lilikataa kuzaa. Kuiuza boti ile kulikuwa sawa na kumuuza Babu nusu, na Marit hakutaka hata kufikiria.

Nyumba ya saba ilikuwa ya rangi ya njano, mitaa mitatu tu kutoka shuleni. Dalali wao, Bi Darla Quist, mama mnene mwenye koti refu na mdomo usiopumzika, alikuwa amekwisha kuwasha taa zote. Babu Orrin naye alikuwepo, ameletwa na Bi Darla kwa gari lake.

"Lowell, njoo uone mwenyewe kabla hujaanza kununa," alisema Bi Darla. "Gereji futi ishirini na nusu. Uliomba ishirini, nimekuongezea na nusu ya kuchekea."

Lowell alipima kwa hatua, akapima tena, kisha akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mwezi uanze. Babu aliupapasa ukuta wa mwisho kwa kiganja, akageuka upande wa pili ili wasimwone akijifuta macho.

"Twende kwako, Baba, tukaandike barua ya kununua kabla hajatokea mtu mwingine," Lowell alimwambia. "Hapa hapa. Tumefika."

Njiani kwenda shambani, Solveig alimnong'oneza Marit, "Zile futi kumi na nane za boti ni pamoja na ule mkono wa tela? Ule ulionigonga ugoko?"

"Nyamaza," alisema Marit.

"Nimeuliza tu! Wewe si ndiye mpimaji mkuu?"

Marit aligeukia dirishani.

Mwanzoni mwa mwezi, baba alikuwa amempa tepu ya kupimia, akamwambia apime boti ikiwa juu ya tela lake, kuanzia ncha ya mkono unaoshikana na gari hadi nyuma kabisa ya injini, na apime mara mbili. Siku hiyo kulikuwa na mvua, ghalani kulikuwa na baridi, na tepu ilikataa kushika, ikimrudia vidoleni kila alipoiachia. Ukutani karatasi za boti zilikuwa zimetundikwa, zimeandikwa futi kumi na nane, urefu wa boti tupu bila tela wala injini. Na kule kwao kila mtu huitaja boti yake kwa namba ya karatasi. Mvuvi akikuambia ana ya kumi na nane, humuulizi amepima saa ngapi. Marit akaandika kumi na nane, akakimbilia jikoni penye joto. Baba alipomuuliza kama amepima mara mbili, alijibu, "Ndiyo." Lowell akaongeza futi mbili za kujipenyeza, akamwambia dalali atafute gereji ya futi ishirini.

Walipofika shambani, watu wazima waliingia jikoni kunywa kahawa na kuandika ile barua. Marit alimshika Solveig mkono, wakaenda ghalani.

"Shika hapa kwenye ncha. Usiachie."

"Mikono inaganda!"

"Solvi, tafadhali."

Akaivuta tepu kupita gurudumu dogo la mbele, kupita boti yote, hadi nyuma ya injini. Akasoma. Akamwambia Solveig arudi alipokuwa, akapima upya, akasoma tena. Futi ishirini na tatu na inchi mbili.

"Mama yangu," alisema Solveig taratibu. "Utakoma."

Marit alisimama pale. Angeweza kunyamaza. Wangesaini, baba angelala usingizi wa mtu aliyetua mzigo, na tatizo lingejitokeza lenyewe siku ya kuingiza boti, pengine lingeonekana kosa la dalali. Alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye. Kisha akakimbia.

Lowell alikuwa na kalamu mkononi.

"Baba, usisaini."

"Nini tena?"

"Boti haitaingia. Ni ishirini na tatu na inchi mbili. Nimepima sasa hivi, mara mbili, muulize Solvi." Alimwonyesha tepu. "Siku ile sikupima. Nilinakili kwenye karatasi ya ukutani. Nilikudanganya."

Lowell aliweka kalamu mezani, akajisugua uso kwa mikono yote miwili. Marit alitamani apigiwe kelele, lakini baba hakuwa na nguvu za kupiga kelele.

"Wiki tatu, Marit," alisema. "Nyumba saba."

"Basi, basi," alisema Babu Orrin, akijikongoja kuifuata simu. "Mwacheni mtoto. Nampigia yule bwana leo leo, tulale."

"Babu, usimpigie!" Marit alilia kwa sauti. "Ni kosa langu, si la boti!"

"Hebu ngojeni kwanza, nyote." Bi Darla alikuwa amevua miwani. "Futi ngapi umesema, binti?"

"Ishirini na tatu. Na inchi mbili."

"Na mimi mkaniambia ishirini!" Dalali alipiga meza hadi vikombe vikaruka. "Kuna nyumba barabara ya ziwani, tupu tangu Septemba. Mwenyewe alikuwa fundi, akajijengea gereji ya futi ishirini na sita. Watu hawaitaki kwa sababu iko mbali. Sikuwapeleka kwa sababu mlitaka gereji ya kawaida karibu na shule. Mngenipa namba hiyo, Lowell, ningewapeleka siku ya kwanza!"

Hakuna aliyemtazama Marit, na hilo lilimuumiza kuliko kutazamwa.

Kesho yake waliiona nyumba hiyo. Bafu lilikuwa la vigae vya waridi vilivyopasuka, makabati ya jikoni yalining'inia upande, na basi la shule lingemchukua Marit dakika arobaini kila asubuhi. Hakulalamika hata kidogo. Alipima gereji mara tatu huku wenzake wakitetemeka mlangoni, akatangaza ishirini na sita kasoro inchi moja. Lowell alisaini, na mwenye nyumba akakubali boti iingie hata kabla karatasi hazijakamilika.

Jumamosi, badala ya kumpigia mtu simu, Babu Orrin alisimama njiani na fimbo yake, akimwongoza Lowell kurudi nyuma na tela. "Kushoto! Kushoto kwangu, si kwako, mwana wee!" Boti iliingia yote, injini na mkono wa tela, na mlango wa gereji ukashuka hadi chini. Babu aliingia tena kwa mlango wa pembeni kuiangalia, na Solveig akaingia naye akiimba.

Lowell alikaa kwenye ngazi ya mbele ya nyumba, akamwita Marit akae karibu naye.

"Uliposema kweli nilikasirika," alisema, "na bado nimekasirika kidogo. Lakini ulisema kabla sijasaini, na hilo ndilo lililoiokoa boti ya babu yako. Nisikilize, mwanangu. Kazi ndogo ukiiruka haipotei. Inamhamia mtu mwingine, naye anaibeba bila kujua ni ya nani. Zile dakika tano zako ghalani, sisi sote tumezibeba wiki tatu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Aliegemea nguzo ya ukumbi akafumba macho. "Sasa nataka tu..."

Hakumaliza. Marit alimtazama vizuri, ndevu za siku mbili, weusi chini ya macho, mikono iliyoanguka mapajani. Ndani ya gereji Solveig alianza wimbo mwingine, na Marit akainuka polepole, akaenda kumwambia apunguze sauti, baba amelala.