Joto la Sauna Lililoyeyusha Ziwa

Kila Alhamisi, supu ya njegere ya shuleni ikiwa bado tumboni, Venla na rafiki yake Ronja walikwenda kwenye klabu ya kutengeneza michezo ya kompyuta mjini Kajaani. Venla aliandika programu. Ronja alichora na kujaza namba. Mchezo wao ulikuwa nyumba ya zamani ya bibi yake Venla, ile ya kando ya ziwa, iliyouzwa mwaka jana. Ziwa limeganda, sauna, kile chumba cha kuni cha kuogea mvuke, inafuka moshi, na marehemu babu ameketi juu ya barafu akivua samaki kwenye tundu.

Alhamisi moja bibi huyo, Bibi Saimi, alikuja klabuni kuiona tena nyumba yake kwenye skrini. Akavaa miwani, akasogeza kiti.

"Ronja, washa sauna," Venla alisema. "Joto themanini."

Ronja akakuta nafasi za namba zimerundikana: joto1, joto2, n1, n2. Akabahatisha, akaandika themanini. Kumbe lile lilikuwa joto la hewa ya ziwani! Barafu yote ikayeyuka. Babu akazama na kiti chake.

Bibi akavua miwani taratibu.

"We Ronja! Umemzamisha babu yangu!" Venla alifoka.

"Joto la kwanza, joto la pili, ningejuaje? Mimi mganga?"

Venla akazitazama tena zile nafasi. Mwalimu wa klabu alishawafundisha kuweka alama juu ya kila nafasi: kichwa cha kundi, mipaka ya namba, na maelezo mafupi. Venla aliona ni mapambo tu.

"Kosa langu," alisema. "Nilizijua mwenyewe, nikadhani yatosha."

Akaketi kuandika. Kichwa, "Hali ya Hewa": joto lisipite sifuri. Kichwa, "Sauna": maelezo, "Bibi hupenda themanini." Ronja akasoma, akajaza bila kuuliza. Moshi ukapanda, babu akarudi barafuni.

Bibi akacheka huku akipangusa macho.

"Babu yako alichora ukutani bandani umbo la kila kifaa, shoka hapa, msumeno pale. Nikamtania, 'We mzee, unaogopa kusahau shoka lako?' Akasema, 'Mimi nalijua lilipo. Nimekuchorea wewe.' Na kweli, alipoondoka sikuhangaika kutafuta kitu." Akamshika Venla bega. "Mjukuu wangu, panga kazi yako ili mwenzako aiweze hata wewe usipokuwepo."

"Bibi, niongeze kuni?" Ronja aliuliza.

"Ongeza, mwanangu. Huyo mzee amekaa kwenye baridi muda mrefu."